Mchoro Ndani ya Mfuniko

Hamudi, ambaye wengi hapa Newala humwita Baba Stamili, ametengeneza redio miaka thelathini na minane bila kukanyaga darasa la ufundi. Mwalimu wake alikuwa karatasi. Zamani redio ilikuja na mchoro uliogandishwa ndani ya mfuniko: unafungua skrubu nne, na aliyeiunda anakuonyesha waya upi unakwenda wapi. Muundaji huyo alijua siku moja itaharibika mbali na kwake, akamwachia maelezo mtu asiyemfahamu. Heshima ya namna hiyo Hamudi haioni tena.

Ndiyo maana alichukia pale Mwalimu Loyce wa sekondari ya kule Mnyambe alipomwonyesha kompyuta tatu za msaada na kumwomba azitayarishe. Hazikuwa na hata kipande cha karatasi. Mradi uliozigawa ulitaka hadi Ijumaa ya wiki ya pili zote ziwe na Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na kihariri chake, programu ya kuiandikia. La sivyo, zingehamishiwa shule nyingine. Wanafunzi wa Loyce, arobaini na wawili, walikuwa wakiandika programu kwa kalamu kwenye madaftari.

"Maelekezo yapo mtandaoni, Baba Stamili," alisema Loyce kwa aibu.

"Na mtandao upo wapi?"

"Masasi."

Hamudi akapanda gari la Masasi, akashusha mafaili kwenye flashi, akarudi. Kila kompyuta ilikuwa na mfumo wake. Ile ya Windows ilimla siku tatu, na kosa lilikuwa lake. Chini ya dirisha la kusakinisha palikuwa na kisanduku kilichouliza kama mashine ionyeshwe njia ya kuifikia Python. Hakukitia tiki. Mwaka mmoja alitia tiki kisanduku asichokielewa kwenye fomu ya pembejeo za korosho, akaletewa mifuko ya salfa ambayo hakuiagiza. Tangu hapo aliapa hatatia tena tiki asipoelewa. Basi kila alipoiita Python, mashine ilijibu kwamba haiijui. Akaifuta na kuisakinisha mara nne, na mara zote nne akakiruka kisanduku kilekile kwa uangalifu mkubwa. Siku ya tatu akavunja kiapo, akakitia tiki, na mashine ikaitika.

Ile ya Linux ilikuwa na lugha tayari, ila ilitaka iitwe python3, na kihariri kikadai mafaili mengine manne. Masasi tena. Ile ya Mac, kuukuu, ikalikataa toleo jipya. Ikataka la zamani. Masasi mara ya tatu.

"Ni watu gani hawa," alimwuliza Loyce, "wanaona haya kusema kitu chao kinavyofanya kazi?"

"Hawaoni haya, Baba. Wanadhani kila mtu anakaa wanakokaa wao."

Alhamisi, kwa Python, zote tatu ziliandika jina la shule kwenye kioo. Hamudi akaandika kwa mkono hatua za kila moja, kwa Kiswahili, akagandisha karatasi ubavuni mwa kila mashine. Penye kisanduku alipiga mistari miwili: TIA TIKI.

Ijumaa akaja Trevor wa mradi, kijana mwenye adabu, aliyetoa shikamoo kabla hajashuka kwenye gari. Akasifu kazi. Kisha akaeleza kwamba utaratibu unataka toleo moja kutoka mtandaoni, akafuta kila kitu, ndipo akawasha modemu yake. Mtandao haukuja. Alizunguka nayo uwanjani hadi alasiri.

"Itabidi niandike hazifanyi kazi," alisema.

Hamudi akachomoa flashi mfukoni, akampa Loyce. Loyce akasoma karatasi kwa sauti, hatua kwa hatua, na mikono yake mwenyewe ikafanya. Kisanduku akakitia tiki. Kabla ya jua kuchwa jina la shule lilikuwa juu ya vioo vyote vitatu.

Trevor akajaza fomu. Hamudi alisimama nyuma yake akaona palipotiwa tiki: "Imesakinishwa kupitia mtandao." Nafasi ya kutaja karatasi za Hamudi haikuwapo kwenye fomu.

"Na hizi karatasi, mzee, zibanduliwe," alisema Trevor akiondoka. "Zinachafua mashine."

Hamudi akazibandua. Gari lilipotoweka alitoa bisibisi, akafungua mifuniko, akazigandisha kwa ndani. Karatasi ya Mac, mashine isiyofunguka, akaibandika kwenye tako lake kwa chini.

"Siku itakapoharibika," alimwambia Loyce, "fundi ataikuta."