Mirija Mitatu Isiyomwagwa

Wenzake walimwita Mama Makoti, kwa sababu chumba cha baridi cha maabara alikiingia amevaa makoti mawili, la juu likiwa la marehemu mumewe. Humo alikuwa amechuja protini za bakteria, tone kwa tone, kwa miaka ishirini na sita. Kazi aliianza akiosha chupa. Kuchuja alijifunza kwa kuangalia, na kuandika daftari la maabara alijifunza kwa kugombezwa: andika ulichofanya, siku uliyokifanya, kisha mkuu atie sahihi na tarehe chini ya ukurasa.

Mwaka huo, kati ya mirija themanini aliyokinga kwenye bomba la kuchujia, mitatu ilikuwa na jambo. Tone la humo likitiwa kwenye seli nyeupe za damu, seli ziliamka kama zimeona mwizi, na kisahani cha kipimo kikageuka njano. Akasema amepata protini inayoamsha kinga ya mwili. Mkuu wa maabara, daktari aliyemzidi vyeti lakini si umri, hakutaka hata kusikia. Kwake hiyo ilikuwa sumu ya ganda la bakteria, uchafu unaojulikana kwa kuamsha seli na kuhadaa watu. Akaagiza mirija imwagwe, jokofu lipate nafasi, na daftarini iandikwe kwamba kazi imechafuka.

"Mama, usinipotezee muda. Andika tu."

"Nitaandika, Daktari. Nilichofanya."

Kwenye ukurasa wa themanini na mbili akaandika: Nimeagizwa kuimwaga. Sijaimwaga. Kisha akampelekea atie sahihi. Mkuu alisoma, akalisukuma daftari pembeni, akamwambia kwamba Ijumaa ikikuta mirija ile jokofuni, atarudi kuosha chupa.

Nyumbani wifi yake alimwuliza kisa cha kujitafutia balaa amebakiza miaka mitatu astaafu. Akajibu kwamba chupa anajua kuziosha, hazimtishi.

Jumatano akachemsha. Sumu ya ganda huvumilia moto, lakini protini nyingi huharibika, na hilo hata mkuu alilijua. Akagawa yaliyomo kwenye mirija, sehemu akaichemsha na sehemu akaiacha, na kando akachemsha sumu halisi ya ganda ili alinganishe. Wifi alipohadithiwa alicheka hadi akakaa chini.

"Wewe wifi! Hapa hata chai unaiepua haijachemka, leo umesimama nusu saa unawachemshia bakteria?"

Alhamisi sumu iliyochemshwa ilitoa njano, na protini mbichi pia. Protini iliyochemshwa haikutoa rangi yoyote. Seli zilikuwa zimelala fofofo. Alikibeba kisahani hadi ofisini, akakitua juu ya karatasi za mkuu. Mkuu akadai labda seli zilikuwa zimechoka.

"Basi rudia mwenyewe, Daktari. Chumba cha baridi unakijua. Koti nitakuazima."

Akarudia kweli, kwa ukaidi tu. Ijumaa alitoka mle anavuta kamasi, na majibu yalikuwa yale yale. Kumwaga hakukutajwa tena. Mirija ikapelekwa kwenye mashine ya kusoma mpangilio wa protini, inayong'oa asidi amino mojamoja kuanzia mwanzo wa mnyororo na kutaja kila moja ni ipi. Baada ya wiki tano ikarudi karatasi yenye herufi ishirini zilizonyooka, kila herufi asidi amino moja, zote za protini moja, isiyofanana na yoyote iliyokwisha kuandikwa.

Siku hiyo mkuu aliteremka na kalamu, akaomba ukurasa wa themanini na mbili. Akatia sahihi. Alipoanza kuandika tarehe ya siku ile ya agizo, Mama Makoti aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Ya leo," alisema.

"Mama, ukurasa wenyewe ni wa mwezi uliopita."

"Ukurasa, ndiyo. Lakini umekubali leo."

Mkuu alimtazama. Kiganja hakikuondoka mpaka kalamu iliposogea kando na kuandika tarehe ya leo. Mama Makoti akapuliza wino ukauke, akafunga daftari, akavaa koti la pili. Kule ndani bomba lilikuwa likidondosha, na mrija wa kumi na tisa ulikuwa karibu kujaa.