Binti Aliyenyamaza Katikati ya Bei

Mhariri wa gazeti hili ananing'ang'ania niseme kisa hiki, wakati mimi bado kinanitia baridi.

Nilikuwa soko la vitambaa la Zhongda, huku Uchina ninakoishi. Mfanyabiashara wa Dar alikuwa anapatana bei kupitia mpwa wake, binti anayejua Kichina. Ghafla binti akanyamaza, mikono imeshikilia jora.

"Mwambie apunguze!" mjomba akafoka.

Binti akanigeukia mimi, asiyenijua. "Bibi, naogopa kurudi chumbani peke yangu. Naogopa nitakachojifanyia."

Nikamvuta mjomba pembeni. "Huyu hana wenzake?"

"Wanacheza mpira wa pete Jumapili. Nimemkataza. Jumapili tunanunua mzigo."

"Basi utasafirisha maiti pamoja na vitenge, baba."

Akakaa chini palepale.

Usiku ule binti alilala kwangu, na asubuhi tukampeleka kwa daktari. Kutwa tunawatuma watoto hawa waseme maneno yetu. Yao nani anayauliza?

Sasa Jumapili yuko uwanjani na wenzake, na mimi nakaa pembeni namchunga, maana hofu haijanitoka. Mjomba yuko sokoni peke yake, ananyoosha vidole kama bubu, wauzaji wanacheka, naye analipa bei yoyote anayoonyeshwa.