Bondia Juu ya Kitabu cha Kusamehe

Leo nimeaibika kanisani, na nimechoka hata kucheka.

Jana kutwa nilivalisha majalada ya magazeti vitabu vya watoto vya kanisa letu hapa Kiseke. Vitabu thelathini na sita. Vyote nilivisoma kwanza, nisije nikapitisha ugomvi au matusi.

Magazeti sikuyaangalia.

Baada ya ibada, mzee wa kanisa akainua kitabu kinachofundisha kusamehe. Juu yake, bondia kakunja ngumi, damu puani.

"Mwalimu, sisi Wamennonite, watu wa amani, ndiyo tunawapa wajukuu hiki?"

"Shikamoo, mzee. Ndani ni..."

"Marahaba. Kabati la vitabu lifungwe leo."

Watoto walishapanga foleni ya kuazima. Nilitamani kulia.

Mzee akakifungua anioneshe ubaya wake. Akasoma ukurasa. Akafunua mwingine.

"Hiki nakiazima mimi," akasema taratibu. "Kaka yangu wa Buzuruga, hatusalimiani tangu Krismasi. Ila mtoe huyu bondia, atadhani nimekuja kupigana."

Kabati halikufungwa. Mimi nimekaa chini nabandua majalada yote.

Jamani, nani ana karatasi za kaki?