Mrisho, Mtani Wangu Aliyekataa Kufia Mezani

Niwieni radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Nilikuwa Bukene kwa rafiki yangu Mrisho, na juzi tumemzika. Bado nikisikia honi ya treni nadhani atapiga simu kuniambia imechelewa.

Mrisho alikuwa Mzaramo, mstaafu wa reli. Mimi ni Mnyamwezi, mwalimu mstaafu. Tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipobeba mizigo hadi pwani kwa Wazaramo, makabila yetu ni watani: mtani huambiwa lolote, naye hakasiriki.

Ndiyo maana alipoona damu chooni aliwaficha mkewe na wanawe, akaniambia mimi.

"Mwalimu, siku hizi najisaidia kwa wino mwekundu."

"Mzaramo, kesho twende hospitali, la sivyo nitalitangazia soko zima."

Alikwenda, akinitukana njia nzima.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Wanawe walisema, "Baba ameshazeeka, mwacheni apumzike." Daktari akamwuliza Mrisho anatembea umbali gani, anakula nini, anaishi na nani. Akampima moyo, kisha akasema umri peke yake haumzuii mtu kupasuliwa.

Mrisho akanigeukia. "Nikifia mezani je?"

"Nitakuzika nikicheka."

"Na nikipona?"

"Utanilimia viazi."

Akapasuliwa, akapona. Dawa alizopewa baadaye zilimchosha mno. Daktari akazipunguza, na mwishowe wakakubaliana aziache. Akarudi shambani.

Msimu ule ule simu ikalia: "Mnyamwezi, kuna gunia la viazi linakuja kwa treni. Nenda stesheni ukalibebe. Ndiyo kazi ya babu zako!"

Mrisho alikula viazi vyake miaka mingi. Saratani haikurudi. Moyo ndio uliochoka, naye akafariki usingizini, bila maumivu, mkewe akiwa kando yake. Nina huzuni, lakini nashukuru kuliko ninavyohuzunika.

Jeneza lilipotolewa nyumbani, watu walinitazama. Mtani asipotania msibani, ametia aibu, nami siku hiyo sikuwa na moyo wa mzaha. Nikashika mshikio wa mbele, nikasema kwa sauti: "Mzaramo, hata leo umemfanya Mnyamwezi mpagazi!"

Mkewe, Bi Zuhura, akacheka huku akilia. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Na wewe Mwalimu, tumbo lako limepimwa lini?"

Halijapimwa hata mara moja. Nikishaamua siku ya kwenda, nitawaandikia hapa.

Pumzika, mtani wangu. Mzigo nimeutua taratibu, wala hukutikisika.