Mlango wa Bani

Zipora alikuwa bado na ndoo ya maji kichwani aliposikia mwanawe akilia nyuma ya nyumba. Aliitua, akakimbia. Juliana, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa bani la kukaushia tumbaku, na shemeji yake Zipora, Meshack, alikuwa akimchapa miguuni kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe.

"Amefungua mlango," Meshack alisema bila kugeuka. "Joto lote limetoka. Tumbaku imeharibika kwa ukaidi wa huyu."

Zipora aliikamata fimbo, akaivuta mpaka ikamtoka mkononi.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia vizuri. Fungua mlango nikisharudi kwa fundi baiskeli."

"Basi alifungua."

"Nilisema nikisharudi."

"Yeye alisikia fungua. Mtoto wa umri huu, shemeji, neno la kwanza ndilo linalomtuma. Hilo lako la kumzuia linafika yeye keshashika mlango." Aliinyoosha fimbo kuelekea mlangoni. "Na bani aliachiwa nani alilinde? Wewe au yeye?"

Mama mkwe, Suzana, alitoka jikoni akasema watoto wa siku hizi hawana masikio. Zipora aliichomeka fimbo kwenye moto wa bani mbele yao wote wawili, akambeba mwanawe.

Jioni alimpigia mumewe, Otmar, aliyekuwa machimboni upande wa Bulyanhulu. Otmar alisikiliza, kisha akasema, "Mtoto lazima afunzwe kutii, Mama Juliana." Zipora alikata simu.

Tangu hapo alikataza mtu yeyote kumtuma Juliana bani. Yeye mwenyewe alimtuma taratibu: kwanza amwite, asubiri amtazame usoni, ndipo amwambie jambo moja. Meshack alicheka, akasema mtoto anafugwa kama ndama. Msimu mzima walisalimiana mbele ya wageni tu.

Juliana alipokaribia miaka saba, bibi yake alimwambia, "Chota maziwa unywe," akanyamaza kidogo, "baba yako mdogo akishapata yake." Mtoto alikuwa ameshainua kikombe. Alisita, akakirudisha, akakaa kusubiri.

"Mnaona?" Suzana alisema. "Kile kipigo kilimfunza."

Zipora, aliyekuwa akiosha vyombo kando yao, alimgeukia.

"Amekua, mama," alisema. "Amekua tu. Angefika hapa hapa bila yale makovu miguuni."

Akatoka nje, akashika shoka, akapasua kuni mpaka viganja vikamchubuka.