Anabana video, herufi zibaki hai

Saa nne asubuhi, chumba kimetulia. Pazia linapumua dirishani, feni inazunguka kivivu. Mbele ya kompyuta ameketi mwanamke mwembamba, kidevu mkononi, akitazama ukurasa usiofanya lolote. Kishale tu ndicho kinachotembea. Kinasita, kinatembea tena, kama mtu anayepapasa mlango gizani.

"Usidhani nasinzia," anasema bila kugeuka. "Niko kazini."

Kazi yake ni kubana video. Chuo kidogo cha ufundi kinachofundisha kwa simu humletea masomo yaliyorekodiwa kutoka kwenye skrini ya mwalimu, naye huyapunguza uzito ili yawafikie wanafunzi wenye mtandao wa kusuasua na bando la kudunduliza. Wenzake wanamwita Dada Mbanaji.

"Jina hilo limeniponza," anacheka. "Mtaani kwangu wanaamini mimi ni mkono wa birika."

Miongoni mwa wanafunzi hao yumo mdogo wake wa kiume, mkata karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Homa ya utotoni ilimwacha bila kusikia. Alijiandikisha somo la kupanga kurasa za vitabu kwa kompyuta, akitamani kuiacha mashine ya kukatia na kuketi na wapangaji. Sauti ya mwalimu haikumfaa kitu. Tegemeo lake lilikuwa macho.

Jaribio la kwanza alianguka. La pili hakujisumbua kulifanya.

Dada yake alipokwenda nyumbani kwa mama yao, alimkuta ameilaza simu kifudifudi mezani. "Kichwa changu kizito," alimwambia kwa lugha ya ishara. "Niache nikate karatasi."

"Usimlazimishe, mwanangu," mama akaingilia. "Mwenzio ameshakata tamaa."

Dada akaiokota simu, akafungua somo alilolibana kwa mikono yake mwenyewe.

"Niliisogeza simu karibu na macho," anasema. "Nane ilifanana na tatu. Herufi ndogo zilikuwa kama zimeandikwa kwenye ukungu. Anayesikia angeokolewa na sauti ya mwalimu. Yeye je?"

Alirudi kazini akaomba video ziongezwe uzito. Mkuu wa chuo akatikisa kichwa. "Ukiongeza, nusu ya wanafunzi hawataweza kuzifungua." Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomnyima dada raha.

Kwa siku kadhaa alitembea kama yumo ndotoni. Alisimama barabarani akikodolea vibao vya maduka, macho yakitoka kwenye maandishi yaliyotulia kwenda kwa watu waliokuwa wakipita mbele yake, na kurudi tena. Muuza magazeti akamuuliza kama kuna kitu amepoteza.

Ndipo wazo likamjia. Njia aliyoitumia kubana ilitengenezwa kwa picha za kamera: nyuso, majani, moshi, vitu ambavyo ukivififisha kidogo jicho halilalamiki. Skrini ni ulimwengu mwingine. Rangi zake ni chache, kingo zake kali kama wembe. Herufi iliyo juu ya ukurasa ni ileile iliyo chini, na ukurasa ukisogezwa ni uleule, umepanda tu.

"Nikajiuliza, kwa nini kuchora upya kitu ambacho hakijaondoka?"

Alipata njia mpya, iliyobuniwa kwa ajili ya skrini, inayonakili herufi iliyokwisha kuonekana badala ya kuichora tena. Video ikatoka nyepesi na safi. Lakini simu kuukuu ya mdogo wake ikagoma kuifungua.

Hakulia, ingawa alikaribia. Alirudi kwenye njia ya zamani, akapunguza idadi ya picha zinazopita kila sekunde, maana ukurasa hauna haraka, kisha uzito uliookolewa akaupa herufi. Akamtumia mdogo wake bila neno lolote.

Jibu lilikuja jioni ileile: picha ya skrini, namba nane imezungushiwa duara jekundu. Chini yake ameandika, "Kumbe ilikuwa nane. Dada, mimi si mjinga."



Kijana alirudia majaribio, akafaulu. Sasa anapanga kurasa kiwandani, na mkuu wa chuo ameagiza masomo yote yabanwe upya. "Mimi nililaumu mtandao," anakiri mkuu, "kumbe tulikuwa tunawatumia watu ukungu."

Sasa Dada Mbanaji ana mpango mwingine. Anataka kumweka mdogo wake kwenye kona ya kila somo, akilieleza somo kwa ishara kwa wanafunzi wengine wasiosikia. Ugumu uko hapohapo: vidole vinapita upesi na kutaka picha nyingi, herufi zimetulia na kutaka kingo safi, na vyote vinagombea nafasi ileile finyu.

Ameshajaribu mara kadhaa. Mara vidole vinayeyuka, mara maandishi. Anabonyeza tena. Kwenye kona ya skrini mdogo wake anainua mikono, na dada anainama karibu zaidi kuona anasema nini.