Bibi Hageuki

Usiku ule nililala nimenuna. Mwalimu wa sanaa alitupatia picha ya kunakili, mchoro wa Mswidi mmoja wa karne ya kumi na tisa: wanawake wameinama wanavuna shayiri, juu yao anga kubwa la mawingu. Kila mmoja wetu aingize humo mtu wa kwao. Nikamchagua Bibi, mama yake mama, tuliyemzika kabla ya masika. Uso wake nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Hatuna picha yake hata moja, na kesho ni kukabidhi.

Mara nilikuwa shambani. Shayiri ilinifika kiunoni, ila kule mbele ni mpunga wetu wa bondeni. Bibi yuko katikati ya wale Waswidi, kanga kichwani, mundu mkononi, amenipa mgongo. Kwetu kila mvunaji ana ngwe yake, na anayenyanyua mgongo kabla ya kufika ukingoni hubebeshwa maji ya kunywa ya wote.

"Bibi, geuka kidogo."

"Nigeuke nibebeshwe maji? Kwa uzuri gani ulio nao?"

Wazungu wanacheka, tena wanacheka Kiswahili. Natamani nizame ardhini. Nakimbia nimzunguke kwa mbele, shamba nalo linarefuka, na kila nikifika, mgongo uleule. Nikaanza kulia kwa hasira.

"Kesho nakabidhi, Bibi! Na uso wako nimeusahau!"

Mundu haukusimama.

"Kila mavuno ulikuwa nyuma yangu unaokota masuke, mke mwenzangu. Uso uliuona saa ngapi? Chora ulichokiona."

"Mimi nataka uso!"

Akafika ukingoni. Akaanza kunyooka, polepole, mkono kiunoni, na bega likaanza kugeuka...

Nikaamka. Niliupiga mto ngumi. Sekunde moja tu angeningoja!

Kulipokucha nikachukua karatasi mpya, bado nimevimba. Nikachora mgongo: fundo la kanga, nyayo zilizopasuka, bega la kushoto lililoshuka. Mkono ulikwenda wenyewe, sikufuta kitu.

Mama alipita na ndoo akasimama nyuma yangu.

"Mama huyo," akasema. Akaitua ndoo chini. "Ila makalio umempunja."